Bi Kwanini na Magodoro ya Bweni

Hebu mwone anavyofika. Ni asubuhi, geti la chuo limefunguliwa upande mmoja tu, na mlinzi amesimama hapo ameshika kipimajoto kama bastola ya kuchezea. Anakuja mama mmoja mfupi, mwendo wake wa haraka, barakoa yake ya kitambaa cha maua, mkoba begani na chupa ya chai kwapani. Hasubiri kuambiwa. Anainua paji la uso mwenyewe, mlinzi anabonyeza, anasoma, anasema, "Pita mama, mzima kabisa."

Mtu mwingine angepita. Yeye hapiti.

"Kwa nini leo joto langu liko chini kuliko jana?"

"Labda kwa sababu jua bado halijatoka vizuri, mama."

"Sasa unapima jua au unanipima mimi?"

Mlinzi anacheka mpaka barakoa inamshuka puani. "Nenda kazini, Bi Kwanini. Utaniuliza maswali mpaka zamu yangu iishe hapa getini."

Ndiye huyo. Jina la Bi Kwanini alipewa na wanafunzi, wakidhani halijui. Alilijua, na alilipenda. Kazi yake ilikuwa kwenye dirisha la bima katika zahanati ya chuo: chumba chembamba, kioo chenye tundu chini la kupitishia kadi, kompyuta inayochelewa kuamka kama mgonjwa, na kiti alichokiwekea mto wake mwenyewe. Mwanafunzi anapitisha kadi, yeye anaangalia kwenye kompyuta kama iko hai, anamrudishia na kumwelekeza kwa daktari. Kazi ya dakika moja.

Ila hakuwahi kurudisha kadi kabla ya kuuliza jambo moja ambalo hakuna mkubwa wake aliyemtuma aulize: "Umekula nini leo?" Walimjibu kwa aibu, kwa utani, wengine kwa uongo. Daktari alikuwa akimtania kwamba nusu ya maumivu ya kichwa yanaishia dirishani kwake, yanatumwa moja kwa moja kantini. Alikuwa anajua nani anakula mara moja kwa siku, nani amegombana na mwenzake wa chumba, nani anaficha mimba. Hakutafuta siri za watu. Alikuwa tu hawezi kuona jambo limekaa upande akaliacha likae hivyo hivyo.

Kisha ukaja ule ugonjwa uliofunga dunia, ule ule ulioleta barakoa na kipimajoto cha getini. Amri ikatoka kwamba wanafunzi wote warudi makwao hadi watakapoitwa. Mabweni yapulizwe dawa, na kila anayekaa bwenini arudishe godoro stoo kabla ya kuondoka. Bi Kwanini aliwaona kupitia dirisha lake, foleni ndefu ya vijana waliotakiwa kuachana hatua kadhaa, kila mmoja na godoro kichwani, kama siafu waliobeba vipande vya mkate. Jioni chuo kilikuwa kimya. Ndege waliingia hadi kwenye korido ya zahanati, wakatembea kama wenye nyumba.

Yeye aliachwa kazini kwa sababu ya simu. Mkuu wa zahanati alimwambia, "Watoto wamesambaa kila mahali na kadi zao. Wakikwama hospitali za huko, watapiga hapa. Wasikilize." Chuo kiliwahakikishia wazazi kwamba bima inamfuata mwanafunzi popote alipo. Hilo liliandikwa hata kwenye tangazo la getini.

Simu zikaanza. Wengi walipiga kushukuru, au kuuliza lini chuo kitafunguliwa. Lakini wengine walisema maneno ya namna moja: nimefika hospitali, wameingiza namba ya kadi, wakaniambia kadi haifanyi kazi. Kompyuta yake nayo ilisema tu kadi imefungwa, bila sababu, kwa hiyo Bi Kwanini akawa anawauliza kila kitu. Uko wapi? Hospitali ya serikali au ya mtu? Ulienda saa ngapi? Picha kwenye kadi inaonekana? Mwanzoni alidhani ni umbali. Halafu akapiga kijana aliyekuwa kwao mpakani kabisa, mbali kuliko wote, akasema alihudumiwa na akapewa na soda na nesi. Akadhani ni hospitali za watu binafsi. Akapiga mwingine aliyekataliwa kwenye hospitali ya serikali. Kila alipojenga jibu, simu iliyofuata ililibomoa.

Nesi aliyebaki naye zamu alimwambia, "Bibi, hii mitambo tu. Leo inakubali, kesho inakataa. Usijichoshe."

"Mtambo hauna moyo wa kuchagua," akajibu. "Ukichagua, kuna aliyeufundisha kuchagua. Nani?"

"Ukimpata, mwambie anifundishie na mume wangu."

Ndipo akapiga Binti Friji.

Huyu inabidi nikueleze. Alikuwa msichana wa mwaka wa pili, mwenye kisukari tangu utotoni, yule wa kujidunga sindano kila siku. Bwenini hakukuwa na friji, hivyo chupa zake za insulini zilikaa kwenye friji ya zahanati, na yeye alikuja kuzichukua kidogo kidogo. Kwa hiyo alikuwa mgeni wa kudumu wa dirisha, na jina likamkaa. Alikuwa mcheshi. Akiulizwa amekula nini leo, hujibu, "Mama, mimi ndiye peke yangu chuoni ambaye kwangu swali hilo ni la kitabibu."

Siku hiyo utani haukuwepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sauti yako imenyauka, una nini?"

"Nimefungua chupa ya mwisho kati ya zile nilizoondoka nazo. Nimeenda hospitali ya hapa mjini, dawa wanayo, nimeiona kwa macho yangu. Wameniambia kadi imekufa. Nimeenda tena leo, wamesema vile vile."

"Mama yako anasemaje?"

"Mama anashona sare za shule, na shule zimefungwa. Hana cha kushona. Anasema tutajua la kufanya. Mama, nimeanza kupunguza kipimo ili isogee mbele."

Bi Kwanini akasimama. Mto ukaanguka. "Usipunguze! Nasema usipunguze hata tone. Dunga kama daktari alivyokuandikia. Hiyo kesho niachie mimi. Unanisikia?"

"Nakusikia mama."

"Kwanza niambie. Kuna mwanafunzi mwingine wa chuo chetu hapo mjini?"

"Yupo kaka yangu. Yuko mwaka wa tatu. Na yeye ndiye kanitia hasira zaidi. Alienda jana kung'oa jino, hospitali ile ile, dirisha lile lile, kadi yake ikapita. Mimi nikarudi na chupa tupu, yeye akarudi na pengo na furaha."

Sasa hapo Bi Kwanini akaketi polepole. Mama mmoja, baba mmoja, chuo kimoja, hospitali moja. Alikuwa ameletewa fumbo likiwa limemenywa. Akaomba apewe huyo kaka.

"Kaka yuko wapi?"

"Amelala, mama. Tangu jino litoke anadai matunzo."

"Mwamshe."

Ikasikika purukushani, kisha sauti nzito yenye pamba mdomoni. Bi Kwanini akamwuliza kama alilipa ada mapema kuliko dada yake. Hapana, mama yao aliwalipia siku moja. Kama alibadilisha kadi. Hapana. Kama aliwahi kufika kwenye ofisi za bima. Hata hajui ziko wapi.

"Uliondoka chuoni siku moja na dada yako?"

"Ndiyo mama, gari moja."

"Na sasa umelala wapi?" Aliuliza tu kwa mazoea yake, kama anavyouliza chakula.

"Chini, sebuleni. Nyumba imejaa, shangazi na wanawe wamekuja kukaa. Nimejilalia kwenye godoro langu."

Nyuma yake dada akapiga kelele: "Godoro lako? Mama, godoro la chuo hilo! Wenzake walirudisha stoo, yeye alilifunga kamba akalipandisha juu ya gari. Nilikaa mbali naye njia nzima, nisijulikane ni ndugu!"

"Nilijua shangazi atakuja," akajitetea kaka. "Mtu lazima awaze mbele."

Bi Kwanini alicheka, akawaaga, akakata simu. Alikuwa ameshajimiminia chai ndipo mkono ukamganda hewani. Akachukua simu, akawapigia wale waliokataliwa, mmoja mmoja, na kuwauliza swali ambalo bila shaka hawakulitarajia kutoka dirisha la bima: godoro lako liko wapi? Wote walijibu stoo. Akawapigia waliokubaliwa. Yule wa mpakani alikuwa amepanga chumba mtaani, hajawahi kulala bwenini. Mwingine vile vile.

Chai ikapoa pale pale.

Stoo ya magodoro ilikuwa nyuma ya mabweni, ghala refu lenye madirisha ya wavu. Mtunzaji wake aliitwa Mjomba Stoo hata na mkuu wa chuo. Mtu mrefu, mkimya, aliyenyoosha kila kitu, mpaka kamba za viatu. Bi Kwanini alimkuta amefungua milango yote, magodoro yamepangwa hadi darini, mengine yameegeshwa ukutani yapate hewa.

"Mjomba, za kazi?"

"Nzuri. Simama hapo hapo, dada. Umbali."

"Godoro likirudi unafanyaje?"

Mjomba akamtazama kama mtu aliyeulizwa jinsi ya kufungua mlango. "Nalikagua. Nalipanga. Nabonyeza kwenye kompyuta: limerudi."

"Na ukishabonyeza, hiyo habari inakwenda wapi?"

"Haiendi. Iko pale."

"Una hakika?"

"Mimi nabonyeza," akasema Mjomba. "Kuna siku walikuja vijana wa kompyuta wakaunganisha waya. Sikuuliza."

"Hukuuliza?"

"Si kila mtu ana shida yako, dada."

Bi Kwanini akapiga simu makao makuu ya bima, simu ikiwa wazi ili Mjomba naye asikie. Akapokea kijana mmoja mwenye sauti ya uchovu na adabu, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani, maana nyuma yake mtoto alikuwa anaimba.

"Mwanangu, naomba uniangalizie kadi hii," Bi Kwanini akasema, akamsomea namba ya Binti Friji.

"Nimeiona, mama. Huyu amehitimu."

"Amehitimu? Yuko mwaka wa pili!"

"Mfumo unasema amemaliza masomo. Kwa hiyo kadi imefungwa. Ni utaratibu."

"Basi mpe hongera, mwenyewe bado hajui. Niambie, ninyi huko mnajuaje kwamba mtu amehitimu?"

Kijana akaguna, akamwomba asubiri. Alipenda kujua na yeye, hilo lilisikika. Aliporudi alikuwa na sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani. Akaeleza kwamba miaka ya nyuma wahitimu waliendelea kutumia kadi, kwa hiyo bima ikaomba chuo kitoe alama ya uhakika kwamba mtu ameondoka. Matokeo yalichelewa. Vitabu vya maktaba wengine hawarudishi mpaka wanaoa. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kuaga chuo bila kurudisha godoro. Alama ikawa hiyo. Kwa miaka yote ilikuwa sahihi. Mwenye godoro la chuo ni mwanafunzi, aliyerudisha amemaliza, na anayekaa mtaani alikuwa na njia yake nyingine. Hakuna aliyewaza kwamba ingekuja siku moja bweni zima lirudishe magodoro na kila mtu bado ni mwanafunzi.

Mjomba Stoo alikuwa amekaa chini kwenye kigoda. "Kwa hiyo nimewahitimisha wote mimi," akasema taratibu. "Kwa kidole hiki."

"Hukujua, Mjomba."

"Sikujua. Lakini nilibonyeza."

Kijana wa bima akasema kuwafungulia wote kunataka barua yenye sahihi ya mkuu wa chuo. Mkuu wa chuo alikuwa karantini, amelazwa, hapokei hata simu ya mkewe. Msaidizi wake angeweza, lakini lazima kamati ikae, na kamati ilikuwa imekatazwa kukaa. Wiki kadhaa, labda zaidi.

"Binti huyu hana wiki kadhaa," Bi Kwanini akasema. "Ana chupa moja imefunguliwa. Wewe huwezi kumfungulia?"

"Mama, ningeweza ningeshafanya. Kadi za bweni zinafunguka zenyewe huko kwenu godoro likitoka. Hapa kwangu hakuna hata pa kubonyeza."

Wote wawili wakamgeukia Mjomba, mmoja kwa macho, mwingine kwa ukimya wa simu.

"Hapana," akasema Mjomba.

"Sijasema kitu."

"Unataka niandike godoro limetoka, na huku naliona. Lile pale, la tatu kutoka juu, lina doa la wino. Nimekaa stoo hii tangu magodoro yakiwa ya sufi. Sijawahi kuandika kimetoka kitu kilichopo."

"Basi litoe nje ya mlango. Bonyeza. Halafu lirudishe ndani."

"Likirudi ndani nitabonyeza limerudi."

Kwenye simu kijana akacheka, akaomba radhi, akacheka tena. Bi Kwanini hakucheka. Alimtazama Mjomba kwa muda, na nadhani hapo ndipo alipomwelewa. Mtu huyu alikuwa hakatai kusaidia. Alikuwa anakataa kusema uongo, na leo hii ndiyo kwanza ameonyeshwa kidole chake kinaweza kufanya nini.

"Mjomba," akamwambia, "kwani kuna sheria inayosema godoro liende wapi likitoka?"

Mjomba akafikiri. "Liende kwa mwanafunzi aliyepangiwa. Ndiyo sheria."

"Na mwanafunzi mwenyewe akiwa mbali?"

"Sheria haisemi umbali."

Akainuka. Akapanda ngazi, akalishusha lile lenye doa la wino, akalipigapiga vumbi, akalikunja, akalifunga kamba kwa mafundo ya mtu aliyewahi kufunga mizigo mikubwa. Mabasi ya abiria yalikuwa yamesimamishwa, ila malori ya vitakasa mikono na barakoa yalipita kila siku kwenda hospitali za mikoani, na moja la kuelekea mji wa Binti Friji lilikuwa linapakia mbele ya zahanati. Dereva aliwaona wanakuja, mama mfupi mbele na mzee mrefu mwenye godoro kichwani nyuma.

"Hilo nalo ni la kujikinga?" akauliza.

"Ndiyo," akajibu Bi Kwanini. "Ni dawa ya mtoto."

"Dawa? Ya kulalia?"

"Nitakueleza ukirudi. Peleka hospitali ya mjini kwao, atalipokea binti. Usilikalie."

"Mama, nimebeba mengi mwezi huu. Hili ndilo la kwanza kunitia wazimu." Akalipandisha.

Mjomba hakubonyeza papo hapo. Alisimama mpaka lori likapita geti, mpaka mlinzi akashusha kizuizi. Ndipo akarudi stoo, akanawa mikono, akaketi mbele ya kompyuta, akabonyeza: limetoka.

Asubuhi iliyofuata, kabla lori halijafika nusu ya safari, Binti Friji alisimama tena kwenye dirisha la hospitali ya kwao. Simu ya Bi Kwanini ikalia.

"Mama, imepita! Ninazo mkononi. Zina baridi!" Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Umefanyaje?"

"Kuna mzigo wako unakuja. Umekula nini leo?"

"Nitakula sasa hivi, mama."

Godoro lilipofika, mama yake alikataa katakata lisiingie ndani. Alisema limetoka kwa watu wengi na lori la hospitali, akalianika juani juu ya ua mpaka majirani wakaanza kuuliza kama pana msiba au mgeni. Kaka alijaribu kulivuta sebuleni awe na mawili. Dada akamwambia akiligusa atapiga simu stoo.

Mjomba naye hakutulia. Alimfuata Bi Kwanini dirishani, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akamwuliza, "Na wengine wagonjwa ni nani?" Wakatafuta, mwenye pumu, mwenye kifafa, aliyekuwa karibu kujifungua. Magodoro kadhaa zaidi yakasafiri na malori ya barakoa, na madereva wakaacha kushangaa. Mkuu wa chuo alipotoka karantini, dhaifu, sauti ya kukwaruza, sahihi ya kwanza aliyoweka ilikuwa kwenye ile barua. Kadi zote zikafunguka. Kijana wa bima alipiga mwenyewe kutoa habari, na safari hii mtoto wake akasalimia.

Chuo kilipofunguliwa, Binti Friji aliingia getini na godoro kichwani. Mlinzi akampima joto, akamwuliza kama anatoka kambini. Akalitandika bwenini, akalilalia mpaka mwaka wake wa mwisho, doa la wino likiwa upande wa miguu.

Na hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo.

Siku ya kuaga chuo alikuja nalo stoo, amevaa vizuri, kucha zimepakwa rangi. Bi Kwanini alikuwa ameacha dirisha lake akaja kumwona. Mjomba Stoo akanyoosha mikono kulipokea. Binti hakuliachia.

"Mjomba, likishaingia ndani unabonyeza?"

"Nabonyeza, mwanangu. Safari hii ni kweli umehitimu."

"Mimi nimehitimu," akasema binti. "Kisukari hakijahitimu. Kazi bado sijapata, na bima ya kazi iko kwenye kazi."

Mjomba akabaki na mikono hewani. Akamtazama Bi Kwanini, kama ambavyo sote pale chuoni tulizoea kumtazama, maana kila lililokaa upande yeye alijua mlango wa kubisha. Safari hii aliitoa simu yake, akairudisha mkobani. Kijana wa bima angesema ni utaratibu, na angesema kweli. Mkuu wa chuo angesema huyu si mwanafunzi tena, na angesema kweli. Hakuona wa kumpigia simu.

Wamesimama hivyo, godoro katikati yao, binti ameshika upande mmoja na mzee upande mwingine. Wewe ungekuwa Mjomba Stoo, ungelipokea?